Maswali na majibu: Mbolea inapoishia mtoni

Shamba langu la mahindi linateremkia mtoni. Kila nikiweka Urea, majani ya ukingoni yananona kuliko mahindi. Nakosea wapi? (Msomaji, Sengerema)

Unailisha mto, ndugu yangu, na kwa bei ya sasa! Mfuko wa kilo 50 wa Urea una kilo 23 za naitrojeni, nayo huyeyuka upesi. Ukiirusha juu ya udongo, jua likiwaka nyingine inapotea hewani. Mvua kubwa ikipiga, inateremka na maji. Chimba kishimo pembeni ya shina, weka mbolea ya kujaza kisoda, fukia. Gawa mara mbili badala ya kumaliza yote siku moja. Halafu, umelima mpaka wapi? Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya meta 60 kutoka ukingo wa mto. Hayo majani yaliyonona usiyafyeke, ndiyo yanayokamata kilichokuponyoka.

Mama mkwe anasema maji ya kisima yakichemshwa hayana neno, hata kama kisima kipo shambani.

Kwa vijidudu, mama amesema kweli. Naitreti, yaani naitrojeni ya mbolea au kinyesi iliyogeuka na kuyeyuka majini, ni habari nyingine: haifi kwa moto, na sufuria ikichemka sana maji yanapungua yenyewe inabaki, ikakolea. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 50 kwa lita. Wa kuchungwa zaidi ni mtoto wa chini ya miezi sita anayekorogewa maziwa ya kopo: damu yake hushindwa kubeba oksijeni, midomo ikageuka bluu. Akifika hapo, ni hospitali mara moja. Peleka maji maabara yakapimwe, na kabla hujailaumu mbolea, angalia choo cha shimo kiko hatua ngapi kutoka kisimani.

Magugumaji ya Ziwa Victoria tunalaumiwa wakulima. Ni haki?

Nusu. Maji taka ya mijini yamo, na vumbi na moshi vinavyotua ziwani vimo. Ila fosforasi ya DAP, ile mbolea ya kupandia, ni chakula cha magugu hayo na hushikamana na udongo, kwa hiyo mto ukija mwekundu kama chai ya rangi, ujue umebeba na mbolea ya mtu. Matuta ya kukinga mteremko yanasaidia kuliko kubadili aina ya mbolea.

Samadi je?

Ni ileile ikifika majini. Funika lundo kabla ya masika.