Fundi mmoja anasema prosesa, mwingine RAM. Nimsikilize nani?

SWALI: Fundi, habari za kazi. Nina duka la steshenari Ngamiani, hapa Tanga. Kompyuta yangu ya mezani niliinunua ikiwa imetumika: RAM GB 4, hadidiski GB 500. Kuwaka tu inachukua dakika kadhaa, na nikifungua faili mbili tatu za wateja inaganda. Fundi mmoja kaniambia prosesa imechoka, mwingine anataka niongeze RAM. Halafu kila asubuhi naikuta saa imerudi nyuma miaka. Ninunue nini, na hivyo vitu kazi yake nini hasa?

JIBU: Nzuri, dada. Hela ya prosesa iache mfukoni kwanza.

Mteja akija na CV yake kwenye flashi ukaifungua, inapandishwa kwenye RAM, na prosesa, ile chipu inayofanya kazi yenyewe, inaisomea humo. RAM ina kasi sana ila haitunzi kitu: umeme ukikatika hujasevu, kazi imekwenda. Anayetunza ni hadidiski, Windows na mafaili yako yote yamo humo. Ndani yake mna sahani zinazozunguka, kwa nyingi za mezani mara 7,200 kwa dakika, na mkono unaohangaika huku na huko kutafuta faili lilipo. Kulipata huchukua kama sehemu moja ya mia ya sekunde. Utaona ni kidogo, lakini prosesa ya GHz 3 (mapigo bilioni tatu kwa sekunde) kwa muda huo imepiga mapigo milioni 30, mengi yake ya kusubiri tu. Ndiyo anayesingiziwa uchovu!

Sasa GB 4 hujaa upesi. Zikijaa, Windows huanza kuhamishia vitu kwenye hadidiski hiyohiyo, na hapo ndipo unapoona imeganda. Kwa hiyo fundi wa pili hakukosea, ila mimi ningeanza na SSD, diski inayotunza kwenye chipu, ambayo haina sahani wala mkono. GB 240 zinatosha Windows na programu zako. RAM ya kufikisha GB 8 ifuate ukipata nafasi. Ukienda kuinunua, chukua ya zamani mkononi: RAM za aina ya DDR3 na DDR4 haziingiliani, pengo la katikati haliko sehemu moja, na ukilazimisha utavunja madabodi, ile bodi kubwa inayobeba vyote.

Saa ni betri tu, ile bapa ya CR2032 iliyo kwenye madabodi. Bei yake haina maumivu.

Kabla ya kununua chochote, kumbuka tuko pwani na hewa ya chumvi haina adabu. Zima, chomoa waya wa umeme, bonyeza kitufe cha kuwashia sekunde chache, kisha gusa chuma cha boksi. Toa RAM utazame meno yake ya rangi ya dhahabu. Yakiwa yamefifia, yasugue taratibu kwa ufutio wa penseli (huo unao dukani), pangusa unga wake, rudisha mpaka isikike imebana. Pawasaplai, ile inayopokea waya wa umeme, usiifungue kabisa, hata ikiwa imechomolewa: inapokea volti 230 na humo ndani umeme hubaki.

Hadidiski ya zamani usiitupe, ifungwe kama ya pili ukae na mafaili ya wateja. Isipokuwa kama inalia tik-tik. Hapo hamisha mafaili leo hii, kabla hata ya kwenda kuulizia bei ya SSD.