Mwajiri amefilisika: fidia na kesi yangu vinakuwaje?

Niliumia mkono kwenye mashine. Kabla sijalipwa kampuni ikakabidhiwa kwa mfilisi (anayekusanya mali za kampuni na kuwalipa wadai), na meneja anasema nipange foleni na wadai wengine. Ni kweli? (Vingunguti)

Pole sana. Si kweli. Kwa Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya 2008, fidia ya kuumia kazini hulipwa na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF), haitoki kwenye akaunti ya kampuni. Ufilisi hausimamishi dai lako huko. Mwajiri alipaswa kutoa taarifa ndani ya siku 7 tangu ajue ajali. Kama hakutoa, nenda mwenyewe. Dai liwasilishwe ndani ya miezi 12 tangu ajali, na hapa ndipo wengi wanaumia mara ya pili: wanamngoja mfilisi, muda unawaishia.

Chukua nakala mapema, maana ofisi ikifungwa faili hupotea: mkataba, slipu za mshahara, taarifa ya daktari, majina ya walioshuhudia. Kama ni ajali ya barabarani, ongeza fomu za polisi: PF3 (ya matibabu) na PF90 (ya taarifa ya ajali). Slipu usizidharau. Malipo ya ulemavu wa muda ni asilimia 70 ya kipato chako, hadi miezi 24, na kipato usichoweza kukithibitisha ni vigumu kukidai.

Je, kama mwajiri hakuwahi kuchangia? (Mbagala)

Bado unastahili. Mfuko ndio utakaomdai yeye. Mchango huo pia haukatwi kwenye mshahara wako. Ukiuona umekatwa, pinga.

Shauri langu la kuachishwa kazi liko CMA (Tume ya Usuluhishi na Uamuzi). Wakili wa kampuni anasema limesimama. (Ubungo)

Mwombe nakala ya amri ya mahakama. Chini ya Sheria ya Makampuni, Mahakama Kuu ikishaamuru kampuni ifilisiwe, au ikiteua mfilisi wa muda, hakuna shauri dhidi yake linaloanza wala kuendelea bila kibali cha mahakama. Lengo ni kuzuia mdai mmoja kukamata magari na mitambo, wenzake wakabaki mikono mitupu. Lakini barua ya mwajiri ya "tumefilisika" haisimamishi chochote, wala geti lililofungwa kwa kufuli.

Amri ikiwepo, shauri limesimama, halijafutwa. Kama mshahara unaodai haubishaniwi, peleka dai kwa mfilisi kwa maandishi pamoja na vielelezo, upigiwe muhuri wa kupokelewa. Kama uhalali wa kuachishwa ndio unaobishaniwa, omba kibali Mahakama Kuu shauri liendelee. Kwa hatua hii tafuta wakili au msaada wa kisheria.

Sijafungua shauri. Ningoje kampuni itulie? (Tabata)

Usingoje, dada. Kama amri haijatolewa, jaza CMA F1, fomu ya kufungua shauri kwenye Tume: siku 30 kwa kuachishwa isivyo halali, siku 60 kwa migogoro mingine. Ukichelewa utalazimika kuongeza CMA F2, fomu ya kuomba kusikilizwa nje ya muda, na kueleza sababu za kuchelewa kwako, na "nilimwamini bosi" ni sababu dhaifu sana mbele ya Tume.