Uliomba Dar, ukapewa Sumbawanga

Dada, umeuliza kama mkataba wa Sumbawanga ni jibu la Mungu, ilhali uliomba kazi ya kudumu Dar. Soma Warumi 15:30-32. Paulo aliomba aokolewe na wapinzani wake Uyahudi, kisha afike Roma kwa furaha. Roma alifika, lakini akiwa mfungwa: alikamatwa Yerusalemu, akasota kizuizini Kaisaria miaka 2, meli ikavunjika Malta. Huko Roma akahubiri miaka 2 katika nyumba ya kupanga, askari akimlinda!

Ila sikubaliani na wanaosema kila mlango ukifunguka ni wa Mungu. Ulizia kwanza mshahara, makazi na muda wa mkataba. Ukiridhika, nenda. Barua za kuomba kazi Dar utazituma ukiwa huko huko, na sala usiache.