Spika za kusikiliza kwa sauti ya chini zijaribiwe kwa sauti ya chini

Ukipunguza muziki usiku, cha kwanza kupotea ni besi. Gitaa la besi linageuka kama mtu anayegonga boksi la kadibodi, na mwimbaji anabaki mbele peke yake. Watu wengi huilaumu spika, kumbe ni sikio. Watafiti Fletcher na Munson walilipima jambo hili Marekani na kulichapisha mwaka 1933. Kwa vipimo vinavyotumika sasa, mlio wa hezi 1,000 (yaani mitetemo 1,000 kwa sekunde) ukiwa na desibeli 40 (desibeli ni kipimo cha nguvu ya sauti), besi ya hezi 50 inahitaji karibu desibeli 78 ili masikioni ionekane ina nguvu ileile. Sauti ikipanda, pengo hilo hupungua.

Kwa hiyo achana na wati. Spika ambayo kwa wati 1 inatoa desibeli 87 ukiwa mita 1 mbele yake, itatoa desibeli 67 kwa wati 0.01 tu, na hizo kwa usiku ni nyingi. Uliza besi inashuka hadi hezi ngapi kabla ya kupungua desibeli 3. Ikifika 45 au 50, ni nzuri. Angalia sana hapo, maana wengine huandika kipimo cha kupungua desibeli 10, na tarakimu inaonekana tamu kuliko ukweli.

Unapojaribu, zima feni, kaa umbali utakaokaa nyumbani, kisha shusha sauti hadi desibeli 55 au 60, ukipima kwa programu ya simu. Chagua wimbo unaoujua ambao besi yake inatembea, uone kama unaweza kuifuata noti kwa noti. Ukisikia mdundo tu bila noti, iache spika hiyo. Ukilinganisha jozi mbili, zilingane kwa sauti kwanza: inayozidi hata desibeli 1 itakuvutia bila kustahili.

Nyumbani, umbali ndio dawa ya bei nafuu kuliko zote. Ukipunguza umbali kwa nusu, sauti inayokujia moja kwa moja huongezeka karibu desibeli 6, na jirani hasikii tofauti. Mita 1 hadi 1.5 inatosha, twita (vispika vidogo vya sauti nyembamba) zikiwa usawa wa masikio. Ukuta wa nyuma nao huongeza besi. Lakini uso wa spika ukiwa mita 1 kutoka ukutani, mawimbi yanayorudi hufuta besi ya karibu hezi 86. Sogeza spika hadi nyuma yake ibaki sentimita 10 au 20 kutoka ukutani. Ikianza kuvuma, ziba tundu lake la hewa kwa sponji.

Amplifaya yenye kitufe cha Loudness hurudisha besi iliyopotea, ila vitufe vingi vya kuwasha na kuzima huzidisha au hupunguza kupita kiasi. Cha kuzungusha taratibu, kama cha Yamaha, ni bora zaidi. Kama huna, tumia ikwalaiza ya simu: pandisha chini ya hezi 100 kwa desibeli 4 hadi 6. Usiguse sauti ya kati.

Kero mbili hujitokeza usiku tu. Kwenye amplifaya nyingi, kitufe cha sauti kikiwa karibu na sifuri, upande mmoja husikika zaidi kuliko mwingine. Punguza sauti kwenye simu au kompyuta, kisha zungusha kitufe hicho hadi kipite eneo hilo. Ya pili ni spika zenye amplifaya ndani, na sabufa pia, zinazojizima katikati ya wimbo mtulivu kwa kudhani muziki umekwisha. Hapo fanya kinyume: pandisha sauti kwenye simu, punguza kwenye spika yenyewe. Kama ina swichi ya Auto, iweke kwenye On.