Dereva kijana, simu na marafiki: serikali ishike wapi, mzazi ashike wapi

Mleta mada anasema serikali haina haki ya kumpangia mwanaye wa miaka 17 apakie nani garini wala aendeshe saa ngapi: "Mtoto ni wangu, nitamfunza mwenyewe." Aliyemjibu wa kwanza anataka kinyume chake, faini nzito na leseni zifutwe kwa yeyote atakayekamatwa na simu. Mimi ni mwalimu wa udereva na ni mzazi, na naona mmebadilishana kazi. Abiria na saa za usiku ni kazi ya sheria. Simu, kwa sehemu kubwa, ni kazi ya nyumbani.

Nianze na abiria, maana ndio wanaodharauliwa. Tukisema kitu kinachomvuruga kijana barabarani, akili za wote zinakimbilia simu. Lakini mimi hukaa kiti cha pembeni na naona. Mwanafunzi akiwa nami peke yake anatazama vioo, anapunguza mwendo kabla ya kona, anasubiri zamu yake. Akipanda rafiki yake kiti cha nyuma, anakuwa mtu mwingine. Anajibu utani, anageuza shingo, anakanyaga mafuta ili aonekane anajua. Na simu yenyewe imezimwa. Kule Marekani, AAA Foundation, taasisi ya utafiti wa usalama barabarani, ilichapisha mwaka 2012 uchambuzi wa vifo vya madereva wa miaka 16 na 17. Akibeba abiria mmoja aliye chini ya miaka 21, pasipo mtu mzima garini, hatari ya dereva huyo kufa, ikipimwa kwa maili anazoendesha, inakuwa juu kwa asilimia 44 kuliko akiwa peke yake. Wakiwa wawili inafika maradufu, wakiwa watatu au zaidi inafika mara nne. Akiwemo mtu wa miaka 35 na kuendelea, inashuka kwa asilimia 62.

Sasa mleta mada, niambie ukweli: kijana wako akitoka mahali na wenzake wanne wanaomba lifti, atawaambia nini? Akisema "baba amenikataza" watamcheka, na umri huo kuchekwa kunauma kuliko kipigo. Akisema "nitanyang'anywa leseni," mjadala umekwisha, kwa sababu na wao wanafungwa na sheria ileile. Hiyo ndiyo nguvu ambayo mzazi mmoja hana hata awe mkali kiasi gani. Tena trafiki anaweza kuhesabu vichwa garini na kutazama saa. New Zealand walianza leseni ya hatua kwa hatua mwaka 1987: kwanza unajifunza na msimamizi pembeni, kisha unaendesha peke yako bila kupakia marafiki na bila kuendesha usiku, ndipo unapewa leseni kamili. Majimbo ya Marekani yakafuata kwa namna zao, Florida ikitangulia mwaka 1996, na ajali za vijana wadogo zikapungua. Serikali haikumnyang'anya mzazi chochote hapo. Ilimwongezea sauti.

Simu ni habari nyingine. Jimbo la Washington lilikuwa la kwanza Marekani kupiga marufuku kuandika meseji ukiendesha, mwaka 2007. Mwaka 2010 taasisi ya HLDI, inayofuatilia madai ya bima, ilipima majimbo manne yenye marufuku ya aina hiyo na haikuona ajali zikipungua. Katika matatu madai yaliongezeka kidogo. Maelezo waliyoyapendekeza ni kwamba madereva walianza kuificha simu chini, macho yakawa mbali zaidi na barabara. Mimi naamini, kwa sababu naliona jambo hilo kila siku: shingo imeinama, mkono mmoja uko mapajani. Uingereza imekaza zaidi. Tangu 2017 ukishikwa na simu mkononi ni faini ya pauni 200 na pointi 6 za adhabu kwenye leseni, na dereva ambaye hajamaliza miaka miwili tangu afaulu mtihani anapoteza leseni kwa pointi hizohizo 6. Siipingi sheria kama hiyo, hata kidogo. Ila lazima mtu akuone kwanza, na kosa lenyewe ni la sekunde chache. Kwa kilomita 90 kwa saa gari linakula mita 25 kila sekunde. Sekunde tano za kusoma meseji ni mita 125 ambazo hakuna aliyezitazama.

Na hapa ndipo wazazi wenzangu mnisikilize vizuri. Utafiti uliowasilishwa mwaka 2014 kwa chama cha wanasaikolojia cha Marekani uliwauliza vijana wanaopiga soga kwa simu wakiendesha: mnaongea na nani? Zaidi ya nusu walitaja mama au baba. Sikushangaa. Nimekuwa na mwanafunzi katikati ya makutano, simu ikalia mfukoni, mkono ukaacha gia. Nikamwambia aiache. Akanijibu, "Mwalimu, ni mama, nisipopokea atagomba." Kijana yule alikuwa mtiifu, na utiifu wenyewe ndio uliomtoa macho barabarani. Hakuna bunge litakalotunga sheria ya kuzuia mama asipige.

Kwa hiyo, kama unataka serikali ikae mbali, fanya sehemu yako. Ukijua yuko njiani, usimpigie. Ukitaka kujua amefika, mkubaliane akuarifu akishaegesha, na akichelewa kujibu usimgombeze kwa hilo. Spika ya gari nayo isikudanganye, maana mikono inabaki kwenye usukani lakini akili imehamia kwenye mazungumzo. Na kabla hajafikia umri wa leseni, kumbuka kwamba miaka yote hiyo alikuwa kiti cha nyuma akikutazama unavyofanya taa ikiwa nyekundu.

Kuna aliyeuliza kama aweke programu ya kufuatilia mwendo na matumizi ya simu ya mwanaye. Weka, ila mwambie kabla ya kuiweka, na mkubaliane mapema ataenda bila gari kwa muda gani akionekana ameishika. Ya siri akiigundua, na ataigundua, ataacha simu moja nyumbani na kwenda na nyingine. Kwa miezi ya mwanzo mimi ningeongeza simu kuzimwa na kuwekwa kiti cha nyuma kabla ya kuwasha injini, kila safari, hata ya dukani. Na wewe ukiendesha, ya kwako iwe hapohapo.