Boksi la vifaranga likifika nyumbani

Vifaranga wa siku moja wakishushwa stendi ya Mtwara au Lindi kutoka Dar es Salaam, nyumba nzima hutoka kuwapokea. Watoto wanataka boksi lifunguliwe hapo hapo uani. Wavumilie kidogo. Raha ya vifaranga ni kubwa, lakini huionja vizuri nyumba ambayo bruda, yaani kizuizi cha kulelea vifaranga chenye jiko la mkaa, imeshapata joto kwa muda wa saa tatu kabla boksi halijafika.

Kwa vifaranga 50, zungushia mduara wenye upana wa mita 1.2 kwa maboksi au mkeka mkuukuu, kimo chake sentimita 45 hivi. Usiache pembe. Vifaranga wakisikia baridi usiku hukimbilia pembeni, hupandiana, na asubuhi unaokota waliokosa hewa. Chini mwaga maranda ya mbao sentimita 5. Ule unga wa msumeno usiutumie, maana kifaranga bado hajui chakula ni kipi. Ataudonoa mpaka tumbo lizibe. Maranda yakikosekana, maganda makavu ya mpunga yanafaa. Siku 3 za kwanza tandika juu yake magunia au maboksi yaliyopasuliwa. Gazeti linateleza, na kifaranga anayeteleza miguu hutanuka, mwisho hasimami.

Joto la wiki ya kwanza ni nyuzi 32 hadi 35, ukipima usawa wa mgongo wa kifaranga, kisha unapunguza nyuzi 3 hivi kila wiki. Huku kwetu wengi hukosea mchana. Novemba na Desemba, banda la bati saa nane mchana huweza kupita joto hilo bila jiko lolote. Mtu ameambiwa vifaranga wanataka joto, anaacha mkaa unawaka, nao wanahema midomo wazi, mabawa wameyaachia. Toa jiko, lirudishe magharibi. Juni na Julai mambo hugeuka: kusi ikivuma, hasa Newala na vijiji vya juu ya uwanda wa Makonde, mkaa wa jioni haufiki alfajiri. Mtu mzima mmoja aamke usiku wa manane kuongeza.

Hapa naomba mzazi mwenzangu anisikilize vizuri. Mtoto ataomba kulala karibu na vifaranga wake. Usikubali, wala mtu yeyote asilale chumba chenye jiko hilo. Mkaa unaowaka hutoa sumu isiyo na harufu, na huua watu wakiwa usingizini. Hata vifaranga wenyewe wanahitaji matundu ya hewa sehemu ya juu ya ukuta.

Sasa fungua boksi. Maji yatangulie, chakula kifuate baada ya saa moja au mbili. Tia kijiko kikubwa kimoja cha sukari kwa lita moja ya maji, kwa siku hiyo tu. Visima vya karibu na bahari vingine vina chumvi, na kifaranga haimudu chumvi nyingi. Kama maji ya nyumbani yana ladha hiyo, wachotee ya mvua au ya bomba. Ukitumia sahani badala ya chombo chao cha maji, ijaze kokoto safi, la sivyo watazama.

Kazi hii wape watoto. Kila mmoja amtoe kifaranga kwa mikono miwili, ahesabu kwa sauti, achovye ncha ya mdomo wake majini mara moja, amwachie. Watamwona anasita, ananyanyua kichwa juu, anameza, kisha anainama mwenyewe kutafuta tena. Watoto wakishaona hilo hutawatoa hapo. Wakimaliza wanawe mikono kwa sabuni, na wasiwabusu vifaranga, maana hata kifaranga mzima hubeba vijidudu vya kuharisha.

Usiku huo, kabla ya kulala, pima matumbo. Mshike kifaranga, gusa taratibu kile kimfuko cha chakula chini ya shingo. Kikiwa kimejaa na laini kama uji mzito, amekula na amekunywa. Kikiwa kigumu, amekula bila maji. Kikiwa kitupu, hajaona chakula: msogeze kwenye chombo na umwongezee mwanga. Pima kumi hivi kutoka pande tofauti za bruda.

Baada ya hapo masikio yafanye kazi. Walioridhika hutoa sauti ya chini ya kunong'ona, wametawanyika, wengine wamelala kifudifudi shingo imenyooka; mgeni atadhani wamekufa. Kelele kali zisizokoma ni baridi, njaa au kiu. Wakijibana karibu na jiko, joto halitoshi. Wakikimbilia ukingoni, limezidi. Wakijazana upande mmoja, kuna upepo unaingia. Bibi aliyelea kuku maisha yake yote husikia haya akiwa jikoni, na mtoto wa miaka minane hujifunza ndani ya wiki.

Kinyesi kikigandia nyuma, lowesha kwa maji ya uvuguvugu na pamba, usivute. Panya ndiye adui mkubwa wa usiku. Funika bruda kwa wavu wenye matundu madogo.

Kuku chotara 50, wale waliochanganywa wa kienyeji na wa kisasa, watamaliza takriban mfuko wa kilo 50 wa chakula cha vifaranga mwezi wa kwanza. Usiwape pumba tupu kwa kubana matumizi: mabawa yatachelewa na watadonoana. Chanjo ya kideri toa siku ya 7, ya Gumboro (ugonjwa wa virusi unaoharibu kinga ya kuku) siku ya 14, kideri tena ya 21, Gumboro tena ya 28, kisha kideri kila miezi 3. Chanjo ya kunywa wawekee baada ya kuwanyima maji saa moja au mbili, ndani ya maji yasiyo na dawa ya klorini, iishe ndani ya saa mbili. Chupa moja hutosha kuku wengi kuliko ulio nao, basi changeni na majirani mchanje siku moja.

Kati ya wiki ya 3 na ya 6 angalia kinyesi chenye damu. Hiyo ni koksidia, na huanzia kwenye maranda yaliyolowa chini ya vyombo vya maji. Badilisha maranda siku hiyo hiyo na umwone mtaalamu wa mifugo wa kata kwa dawa.

Wiki ya 5 wanaweza kutoka nje asubuhi jua likiwa limepanda, mtoto mmoja akilinda kunguru na mwewe. Kama ni msimu wa kupuliza salfa, dawa ya unga ya mikorosho, wapeleke chini ya mwembe. Mikorosho iliyopulizwa iacheni kwanza, vumbi lake huwawasha macho na kuwabana kifua.