Maziwa hayaondoi sumu ya kiuatilifu

SWALI: Daktari, mume wangu alishinda akipuliza dawa ya kuua mbu wa mikorosho. Jioni alitokwa na jasho na mate mengi, macho yakaona ukungu na misuli ya mikono ikawa inachezacheza. Jirani alimpa maziwa na leo ana nafuu. Je, inatosha? (Msomaji, Tandahimba)

JIBU: Dada, haitoshi. Mpeleke hospitali leo hii, ukiwa na chupa ya dawa aliyotumia.

Kila msimu wa kupuliza napokea wagonjwa wa namna hii, na wengi wamekwisha kunyweshwa maziwa. Niliwahi kumpokea kijana aliyeshindiliwa maziwa huku shati lililolowa dawa, pale bomba lilipovujia mgongoni, likiwa bado mwilini. Sumu iliendelea kupenya ngozi wakati watu wakihangaika na tumbo.

Neva, yaani mshipa wa fahamu unaoupa msuli amri, haigusani na msuli. Kati yake kuna mwanya mwembamba mno, na amri huvushwa na kemikali iitwayo asetilikolini, ambayo hutoka kwenye ncha ya neva na kunasa upande wa pili. Amri ikishafika, kimeng'enya kilichomo mwanyani huivunja kemikali hiyo papo hapo ili msuli ulegee. Dalili za mumeo zinaashiria viuatilifu vya jamii ya oganofosfeti. Hivi hukifunga kimeng'enya hicho, asetilikolini ikarundikana, na amri iliyotolewa mara moja ikawa haikomi: mate na jasho hufululiza, mboni za macho husinyaa, misuli hutetemeka hadi ikachoka, ikiwamo ile ya kupumulia. Maziwa hayawezi kukifungua kimeng'enya kilichofungwa, na mgonjwa aliyelegea akinyweshwa kwa nguvu huweza kupaliwa, yakaingia mapafuni.

Nafuu ya leo isikutulize, kwa kuwa udhaifu wa shingo na wa misuli ya kupumulia huweza kuzuka siku moja hadi nne baadaye. Hata atropini, dawa ya sumu hii tunayoichoma hospitali, hukausha mate na kufungua kifua tu. Haiurudishii msuli nguvu, ndiyo maana mgonjwa hulazwa na pumzi yake kuangaliwa.

Salfa ya unga inayopulizwa kuzuia ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, huwasha macho na kifua, lakini haikifungi kimeng'enya hiki. Aliyezoea kutibu mwasho wa salfa kwa maziwa huyategemea vivyo hivyo kwa viuatilifu vya maji kama hivi, na wauzaji wa vinywaji vya "kusafisha sumu" magulioni humhakikishia kwamba yuko sahihi. Wanachomuuzia ni ucheleweshaji. Kwa sumu hii, tiba ya kwanza nyumbani ni kumvua mgonjwa nguo zote, kumwosha mwili na nywele kwa sabuni na maji mengi, mwoshaji akiwa amevaa glavu, kisha kumkimbiza hospitali.